Yaya, Vitamini Zake Hazikukupa Mimba

Yaya Noella,

Nianze na ile itakukasirisha, juu we ulipenda habari mubaya ikuje mbele. Kisha kukuzika tu, Docta Fabien alianza kuuzisha vitamini zake na jina yako.

Ndiyo, yule yule. Alikuwa anasimama pale Old Town ya Lilongwe, karibu na stendi ya mabasi, na ile koti yake nyeupe yenye kola nyeusi kwa uchafu, anaambia bamama: "Muulize bantu ba kambi ya Dzaleka! Hata marehemu Noella, miaka yote alikaa bure, alipokunywa vitamini yangu akashika mimba." Akashika mimba. Njo fasi habari inaishia kwake. Kwamba hiyo mimba njo ilikuua, hapo anafunga kinywa na kufungua chupa ingine.

Docta! Ku Bukavu tulimujua sisi bote, alikuwa anauzisha viatu bya mitumba, na hata viatu alikuuzisha bya kushoto bibili. Vita ikatutoa, tukavuka mipaka, akashuka ku lori hapa kambini akiwa docta. Sisi bengine tulipoteza bitu mu njia. Yee aliokota diplome.

Bado nakuona asubuhi, mbele ya kugusa mashini ya kushona, unameza zile kapsile za manjano za "kuosha tumbo la uzazi". Kisha ile poda ya kahawia mu uji, inanuka samaki ya kuoza. Mi naziba pua, we unasema: "Cheka tu. Siku mutoto atakuita tantine, mama yake mudogo, utaacha kucheka." Na mamukwe wako ameketi pale ku baraza letu, anakula maharagwe yako, anaongea kama vile hauko: "Mutoto yangu alioa mashini, hakuoa muke." Yee njo alikupeleka kwa Fabien mara ya kwanza. Alizaa mara moja tu, ule mama, na hiyo mara moja ikamufanya hakimu wa matumbo ya bengine.

Kisha siku zako zikachelewa. Ulicheza, Yaya. Ulinishika mikono tukazunguka kati ya bitambaa bya bantu, Déo bwana yako anacheka mulangoni. Nilifurahi, hata nilianza kuwaza labda mi njo mujinga.

Maumivu ikakuja chini, upande wa kushoto. Kisha damu kidogo. Nikakuambia twende hopitali. We ulienda kwa docta wako. Akakuambia: "Njo dawa inafungua njia. Ongeza kapsile. Hopitali batakuharibia." Ulirudi unacheka na meno umekaza. Ulianguka ukishona shati ya mwalimu. Mpaka gari itufikishe Lilongwe, uso wako ulikuwa rangi ya majivu. Munganga, muntu wa maneno kidogo, akatuelezea: mimba ilikaa ndani ya murija wa uzazi, haikufika fasi yake, na murija umepasuka. "Mungemuleta siku maumivu ilianza..." Hakumaliza. Na mi siwezi kumaliza.

Ku matanga Fabien alikuja. Alisali kwa sauti kubwa kupita pasta, akakula sahani yake, akaomba ingine.

Basi niliposikia anatembeza jina yako, nikapanda gari nikaenda Old Town. Sikulia. Nilisimama mbele ya meza yake kati ya bamama, nikamuuliza na heshima yote: "Docta, mimba inakaa fasi gani?"

Akacheka. "Mu tumbo, dada."

"Mu tumbo wapi? Tuonyeshe."

Akagusa hapa juu ya kitovu, pale nsima, ugali ya hapa, inaendaka! Docta wa uzazi! Bamama bakacheka. Njo nikabaambia Noella ni yaya yangu, na vile alikufa. Kicheko ikaisha. Mama mumoja wa mutaa wa Area 18 alikuwa ameshika chupa. Akairudisha ku meza polepole, akanipa pole, akaenda. Bengine bakamufuata. Fabien akaanza kuniita mwenda wazimu, huku anakusanya chupa zake. Ni mudogo sana ule muntu, ukimuona karibu.

Usiwaze alifungwa. Alihamia muji ya Mponela, kando ya barabara kubwa. Sasa anauzisha dawa ya kuotesha nywele, na kichwa yake inang'aa sawa sahani. Bantu banainunua. Mamukwe wako naye anatafutia Déo muke mupya, na ameshaweka chupa ya kapsile tayari kwa ajili ya huyo muke mwenye hajapatikana! Déo hataki kusikia. Anakuja kuketi karibu na mashini yako, anaipanguza vumbi.

Na mi natafuta mutoto, unajua. Nesi wa hapa kambini alinipa vidonge bidogo, asidi foliki. Nikamuuliza kama italeta mimba. Akacheka: "Hapana, mama. Mimba mutaleta we na bwana yako. Hii ni ya kusaidia uti wa mugongo wa mutoto, kama atakuja. Njo maana unaanza mbele ya kushika mimba." Nilitaka kumukumbatia, Yaya. Muntu wa kwanza mwenye hakuniahidi kitu.

Sasa nikuambie ile sijaambia hata bwana yangu. Mwezi huu siku zangu zimechelewa.

Sichezi. Naogopa mpaka sindano inaniponyoka. Sisikii maumivu, lakini sitayangojea. Kesho naenda hopitali Lilongwe, baniangalie imekaa wapi. Ikiwa imekaa vizuri, aksanti Mungu. Ikiwa imekaa vibaya, banipasue, na nirudi mikono mitupu. Bantu batasema. Baseme. Nakuahidi, Yaya: mi batanizarau nikiwa hai.

Ulale na amani.

Mudogo wako,
Chantal