Papa, Kesho Wanavunja Sinema ya Mangobo

Papa yangu,

Kesho wanavunja sinema. Mashine imekwisha kufika, ile ya njano yenye kijiko kikubwa, wameiegesha mbele ya lango na watoto wa mtaa wanaipanda kana kwamba imeletwa kwa ajili yao. Wiki hii nzima nimekuwa na kazi moja tu, kumtoa Mama pale mlangoni. Na Mama unamjua. Ana kigoda chake, ana karai lake, anageuza mikate kwenye mafuta na kunijibu bila kuniangalia: "Miye niko kwa kazi yangu. Bavunje kule nyuma, huku mbele baniachie."

Eti mbele wamwachie! Wewe ungecheka, Papa. Mimi sikucheka. Niliogopa kwamba watu wa mashine hawatamngoja bibi mzee amalize mikate yake, watamshika mikono na kumwondoa mbele ya mtaa wote. Naye ni mtu ambaye ukimwaibisha hadharani, hali chakula.

Mengi yamepita baada yako. Sinema ilipofungwa walikuja watu wa maombi na ngoma zao na viti vya plastiki, wakakaa, wakahama. Ikawa depo ya simenti. Kisha popo wakachukua. Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake walioko Kinshasa waliiuza, na aliyenunua anataka kujenga hoteli. Basi. Sina hata mtu wa kumgombeza, na hilo linanikera.

Kabla ya popo ulikuwepo wewe. Filamu zilipanda mto kwa bato, ile meli ya mizigo, kutoka Kinshasa, ndani ya mikebe ya bati iliyonuka sabuni kwa sababu ilisafiri chini ya makatoni ya sabuni. Waigizaji walisema Kifaransa cha mbio ambacho nusu ya Mangobo haikukielewa. Kwa hiyo wewe ulisimama gizani kando ya ukuta mweupe ulioonyeshewa picha, mikro mkononi, ukatusemea kila kitu kwa Kiswahili, na kwa Lingala ulipotaka kuchokoza. Jambazi akitokea, unasema: "Mumuone ule! Ametoka Ubundu, amekula nauli ya mama yake." Watu wa Ubundu wanapiga kelele mpaka unambadilisha, anakuwa mtu wa Basoko. Hapo sasa wa Basoko nao wanasimama. Ilibidi jambazi abaki bila kwao.

Unakumbuka ile picha ya askari? Bobine ya mwisho, ule mkanda wa kumalizia, ilishushwa Basoko kwa makosa, na watu walikuwa wamekwisha kukaa. Mtu mwingine angewaambia warudi nyumbani. Wewe ulisema: "Batu bakae! Bobine imebaki kwa njia, lakini miye niko hapa." Ukauacha ukuta mtupu ukatusimulia mwisho kwa mdomo: askari alivuka mto kwa mtumbwi, akafika kwao, mama yake akampikia lituma na samaki. Wanaume wazima walitoka wakifuta macho.

Miezi ilipita, bobine ikafika, watu wakaijaza sinema tena. Na kwenye bobine askari alipigwa risasi ukingoni mwa mto akaanguka kwenye matope. Halafu Tonton mchomeleaji, yule jirani yetu, akaruka kwenye kiti: "Bobine hii iko nadanganya!" Wote wakamfuata. "Zima! Papa Sinema, sema ile ya kweli!" Bon, ukafanyaje? Ulizima mwanga ukaisema upya, na safari hii ukaongeza harusi. Nilirudi nyumbani nikiamini kabisa kwamba waliotengeneza filamu ndio waliokosea.

Na Mama wakati huo alikuwa nje, pale pale mlangoni. Alikuja kutoka Yanonge na Kilokele chake na Lingala, Kiswahili hana hata cha kuombea maji, na alijifunza kwa kukisikia kupitia ule ukuta, kwa sauti yako, akikaanga mikate. Ndiyo maana mpaka leo akigombana na wauza makaa anawaambia, "Weka silaha chini!" Ulikuwa ukimcheka, naye anakurushia kitambaa. Niliwapenda sana mlipokuwa hivyo. Sikuwahi kuwaambia, kwetu hayasemwi, basi naandika.

Mwishoni homa ilikuchukua hata sauti. Katika ugonjwa wote ule hakuna kilichoniuma kama kukuona unafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Mama alikaa kitandani akiangalia midomo yako, akitusemea: papa yenu anataka maji, papa yenu anasema mufunge dirisha. Sijui kama alikuwa anaelewa kweli. Sisi tulimwamini.

Sasa sikiliza ya leo mchana. Alikuja mkubwa wa wale wafanyakazi, mtu wa Maniema kama wewe, ana adabu zake. Akachuchumaa mbele ya karai. "Mama, pardon. Kesho asubuhi fasi hii itakuwa mubaya. Matofali itaanguka mupaka hapa." Mimi nilikuwa nyuma yake, nikingoja Mama amtukane. Mama akafuta mikono kwenye kitenge.

"Nitatoka. Lakini munifungulie kwanza."

"Tufungue nini, Mama?"

"Mulango. Sijaingiaka humu."

Papa, nilishangaa mimi mtoto wake! Nikamuuliza, miaka yote ile, hata siku moja? Akanijibu kama anamjibu mjinga: "Saa ya picha njo ilikuwa saa ya mikate. Nani angeuza?"

Wakavunja kufuli. Ndani kulinuka popo na simenti, mwanga ukiingia kwenye tundu la paa. Mama alitembea polepole mpaka katikati, akaangalia ule ukuta, akageuka kutuangalia sisi. "Njo huu ukuta? Kumbe iko kadogo hivi? Na ile bahari yote iliingiaka wapi? Na bale farasi?" Tulicheka wote, hata mkubwa wa kazi. Kisha nikaona kwamba Mama hacheki.

"Alikuwa anasimama fasi gani?"

Nikamwonyesha, pale kushoto. Akasogea akasimama mbele ya mahali pako, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja kukuuliza jambo.

"Sauti yake niliisikia kupita bote," akasema. "Lakini uso wake, saa ile alikuwa anasema, sijauonaka. Mwanangu, uso ulikuwa namna gani?"

Nikakutafuta kichwani, Papa. Nilikulia kwenye viti vile. Nakumbuka farasi, nakumbuka matope ya askari, nakumbuka mpaka doa la unyevu lililokuwa kwenye kona ya ukuta. Wewe sikuoni. Ulikuwa pembeni, gizani, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mtaa mzima ulikaa na wewe humo ndani, tukatazama ukuta.

Mama alikuwa bado anangoja.

"Alikuwa anaangalia mulango, Mama," nikamwambia. "Kila saa. Anasema na huku anaangalia mulango."

Mama alikaza kitenge, akatoka. Aliwagawia wafanyakazi mikate iliyobaki, akamwaga mafuta, akabeba karai mwenyewe. Nilipotaka kumpokea alinisukuma mkono.

Kesho alfajiri nampeleka Yanonge kwa dada zake, asiusikie ukuta ule ukianguka. Sasa hivi yuko uani anapanga nguo zake na amevaa ile blauzi ya bluu uliyompenda nayo, sijui ya nini, hatuendi popote leo. Ninamwangalia na ninalia, na naona aibu kulia, mtu mzima kama mimi.

Papa, kama kweli ulikuwa unaangalia mlango, asante. Kama haikuwa hivyo, tafadhali, kuanzia leo iwe hivyo.

Lala vizuri.

Binti yako wa kwanza, aliyekuwa akikaa viti vya mbele