Neno Chini ya Picha ya Nafula

S.L.P. 118,
Malava,
Kakamega.
22 Septemba 1996

Mpendwa binti yangu Maximilla,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Unaendeleaje na hiyo baridi? Kifua kimetulia? Unavaa soksi mbili kama nilivyokuambia? Na mkwe wangu je? Na mjukuu wangu Nafula, meno ya mbele yameota? Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu, na hilo unalijua. Mvua inanyesha kila alasiri na miwa ya baba yako imenipita urefu.

Barua yako ya Agosti ilifika. Niliisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Unasema hutamleta Nafula Desemba kwa sababu anajua Kiholanzi tu, na mama mkwe wako anasema mtoto atakaa huku kama bubu. Mwanangu, nimekataa. Nimekataa asubuhi, nimekataa jioni, na sasa nakataa kwa kalamu.

Sikiliza nilichofanya. Ile picha Nafula alichora, uliyoitia ndani ya barua, ya mwanamke mnene na ua kubwa la njano, chini yake kuna neno: grootmoeder. Nikaibeba mpaka darasa la gumbaru, tunakosoma sisi watu wazima. Mwalimu Dinah akaliandika ubaoni, tukalikata vile tunakatanga maneno yetu, kila kipande kiishie kwa irabu: gro-o-tmo-e-de-r. Darasa lote likaimba "Tmo! Tmo!" kama kuku anadonoa bati. Maana hatukuipata.

Nikaenda kwa padri mzee wa misheni, si yeye ni Mholanzi? Akacheka. "Mama Maximilla, na miwa yote hiyo hujui kukata? Tafuta kifundo kwanza!" Kumbe ni maneno mawili yameshikana bila nafasi. Groot ni kubwa, moeder ni mama. Unakata kwanza pale yaliposhikana, halafu ndio unaenda kwa vipande vidogo: groot-moe-der.

Sikungoja amalize. Mama mkubwa! Si ndivyo wewe unavyomwita dada yangu Jael? Nikampelekea picha, roho ikiniuma, akaibandika juu ya kabati.

Jumapili padri akanishika mkono nje ya kanisa. "Mama mkubwa gani? Hiyo ni nyanya. Ni wewe!" Nikaenda kwa Jael na nguo ya kanisa, goti na yote. Akasema kitu umeshapewa hakirudi. Nikamwambia, "Jael, bandua kabla sijapanda kwa kiti mwenyewe." Akabandua akinung'unika, "Kweli huyo mnene ni wewe, hata mashavu."

Tangu hapo niko kwa padri kila Alhamisi. Lile ua ni zonnebloem, alizeti. Zon ni jua, bloem ni ua, na katikati wametia ne ya kushikanisha: zon-ne-bloem. Hawa watu wanatanguliza jua ndipo waseme ua, nyuma mbele, lakini nimewazoea. Wewe unafanya kazi ziekenhuis, wagonjwa-nyumba, yaani hospitali. Na mama mkwe wako ni schoonmoeder, mama safi. Basi mwambie mama safi kwamba mama mkubwa amesema mtoto anakuja.

Nafula mwenyewe ni kleindochter wangu, mjukuu, wao wanasema binti mdogo. Kifundo kiko baada ya klein: klein-doch-ter. Hiyo ch inakwaruza koo, lakini nitaisema hata mkinicheka.

Sitakuficha, ninaogopa. Naogopa ataniangalia kama mgeni, akimbilie nguo yako. Lakini afadhali anikimbie hapa uwanjani kwangu kuliko kukaa mbali nami maisha yake yote. Wewe usiogope kwa niaba yake.

Nimepanda alizeti kando ya jikoni. Desemba zitakuwa zimechanua. Nitamshika mkono, nionyeshe ua kwa kidole, niseme neno, yeye anirekebishe. Hapo tutakuwa tumeanza kuongea.

Nisalimie mkwe wangu, na mama safi pia, sina ubaya naye. Baba yako Shikanga anawasalimu, na Dinah, na Jael ambaye bado amenuna. Mungu awashike mkono nyote watatu mpaka mlangoni pangu.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Mama yako, Peninah

Tena: msomee Nafula mstari huu wa kumwambia mimi ni nani wake, na kwamba aje; usimtafsirie. Padri hakunisaidia.

Ik ben je groot-moe-der. Kom.