Waya Ulioukata Ili Mama Apande

Baba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu hasira imekwisha. Kwa miaka mingi kazi yangu gazetini imekuwa kuuliza nani alifanya nini, na nani alijua. Leo nakuuliza wewe, tena hadharani, kwa kuwa pikapu yako uliisifia hadharani, kuanzia nyumbani Nyakatuntu hadi Bweranyange.

Unaikumbuka ile safari ya kutoka harusini Bweranyange? Mama alikaa katikati yetu. Kwenye mwinuko mshale wa joto ukapanda hadi alama nyekundu, naye akakuambia usimame.

"Mama Koku, hili ni gari, si sufuria ya maharage," ulimjibu.

"Afadhali lingekuwa sufuria, ningeliepua."

Alishuka, akakaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa, akaapa hatapanda tena kitu kinachochemka.

Wiki mbili baadaye ulimwita aje aone. Ulimzungusha hadi sokoni na kurudi, mshale umelala chini, hautikisiki. "Nimelitibu," ulisema. Mama akapanda, na tangu siku hiyo kila safari aliuangalia mshale kabla ya kuangalia barabara. Sote tulikusifu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutoamini haraka, nilikusifu kuliko wote.

Ulipofariki mwaka jana, gari lilibaki kwangu. Mwezi uliopita mama mdogo, ndugu pekee aliyekuwa amembakia Mama, alifariki kule Rugu. Maziko yalipangwa saa nane mchana. Kwa nyonga yake ile mbovu Mama hawezi bodaboda, kwa hiyo tuliondoka asubuhi na pikapu yako. Kwenye kilima nilihisi injini inakosa nguvu, na harufu ya mpira wa moto ikaingia ndani. Nikapunguza mwendo ili nisimame. Mama akainama kuutazama mshale.

"Uko chini," akasema. "Endelea mwanangu, tutachelewa."

Nikaendelea. Haikupita dakika tano, mvuke ukafumuka kwenye boneti na injini ikazima.

Tulifika Rugu saa kumi na nusu kwa gari la kukodi. Waombolezaji walikuwa wamemsubiri Mama mpaka mvua ilipoanza. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na mashada yamewekwa. Mama aliokota udongo, akabaki ameushika, hana pa kuutupa.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi Byabato, Kayanga. Nilisimama naye mwanzo hadi mwisho. Alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeungua. Rejeta, inayopoza maji ya injini, imeziba kwa kutu, kwa kuwa miaka yote ulijaza maji ya mtoni. Kisha akauliza, "Dada, huu mshale huwa unapanda?"

Nikamwambia haupandi kamwe.

"Injini ikishapata moto, mshale husogea karibu na katikati. Usiposogea siku nzima, usishukuru. Hauna habari."

Akaufuata waya wa mshale hadi kwenye injini. Ulikuwa umekatwa. Ncha zake zilikunjwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea magunia ya kahawa, kwa lile fundo lako ulilofungia kila gunia nyumbani.

"Aliyefunga hapa alikuwa mtu makini," akasema.

"Namfahamu," nikamjibu.

Kuzibua rejeta ni kazi ya siku moja, Baba. Uliishi miaka sita baada ya kuukata waya ule, na siku moja hukuipata. Ulichukua kitu pekee ambacho Mama alikitegemea kujua kama yuko salama, ukakifunga mdomo, kisha ukapokea sifa.

Tangu maziko Mama alikuwa akimwambia kila mgeni neno lilelile: "Ni mimi niliyesema endelea." Mdogo wangu wa kiume aliniomba nisimweleze. "Mwache mzee apumzike," alisema. Nikamuuliza, na Mama atapumzika lini?

Jumatatu nilimpa Mama ule uzi mkononi na kumweleza ulikotoka. Aliuzungusha kidoleni.

"Alijua, wakati ananipandisha?"

"Alijua, Mama."

Hakulia. Tangu hapo hajasema tena kwamba ni yeye.

Umelala hapo kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Kila asubuhi tangu tukuzike Mama alikuwa akija kuondoa majani makavu ya migomba yanayokuangukia. Tangu Jumatatu hajaja. Yamejaa, na upepo wa juzi umeongeza mengine. Nami napita hapo kila siku, siyaondoi.

Kwaheri, Baba.

Mwanao wa kwanza,
Koku