Mizinga Inayoshuka Ziwani

Jumatatu, 3 Juni
Maguu. Mizinga minne tangu asubuhi. Nyuki ishirini wa kila mzinga kwenye chupa, spiriti, lebo, kifuniko. Vidole vimevimba, kalamu haishikiki. Mzee Kapinga, mwenye nyumba wangu, anacheka kwamba msomi ndiye anayeumwa zaidi. Acha acheke. Nyuki wa huku milimani ni weusi, wakubwa. Wa Liuli, kule ziwani, wengi ni wadogo, wa njano. Tasnifu yangu yote ndiyo hiyo: koo mbili zilizoachana zamani mno, kila moja ikabadilika kwa hali ya hewa ya kwao. Mwisho wa Julai niikabidhi. Hakuna nyongeza ya muda tena.

Jumamosi, 8 Juni
Majibu ya vinasaba yamekuja. Nimeyasoma nimesimama kwenye kichuguu, mahali pekee penye mtandao. Nyuki wa Liuli wamechanganyika. Mizinga mingine ni ya milimani kabisa! Wale weusi niliowaona kule niliwaandika "tofauti za kawaida". Naomba maabara wawe wamekosea.

Jumatano, 12 Juni
Liuli. Maabara hawakukosea.
Nimeanzia kwa Imelda, binti mkubwa wa Mzee Kapinga, aliyeolewa huku. Nikamuuliza nyuki wake aliwapata wapi.
"Nilikuja nao, dada. Baba alinipa siku ya harusi."
Kasema kama anayeeleza alikopata sufuria. Kwao binti akiolewa ziwani baba humpa mzinga na nyuki wake, asikose asali ya nyumbani. Bibi yake alipewa. Majirani zake pia. Na nilipokuja kukusanya sampuli, ni yeye aliyenipeleka kwa majirani hao, kwa sababu Mzee aliniambia nianzie kwa binti yake. Nimepita nyumba za mabibi harusi wa Maguu, moja baada ya nyingine, nikidhani nakusanya nyuki wa ziwani.
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuuliza, dada."
Miaka miwili nimepima mabawa, joto, mwinuko. Swali hilo moja sikuuliza. Si mkosi huu. Ni uzembe wangu.

Alhamisi, 20 Juni
Hakuna anayejua. Nikizitupa kimyakimya sampuli za mizinga yote yenye nyuki weusi, grafu inanyooka. Nimejaribu. Imenyooka kweli, nzuri sana. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.
Nimeifuta. Nimemwandikia msimamizi wangu ukweli wote. Naogopa.

Jumanne, 2 Julai
Kajibu. Mistari mitatu. Anashukuru kwa ukweli. Sampuli za Liuli hazitumiki. Muda wa kuanza upya haupo, jina langu litafutwa chuoni.
Niliacha kazi ya ualimu Songea kwa ajili ya hii shahada. Mama Kapinga kanikuta nalia jikoni, akanipakulia ugali na dagaa. Leo nawachukia nyuki wote. Hata waliokufa.

Ijumaa, 12 Julai
Nimechuma kahawa na Mama Kapinga kutwa. Sikuwaza kitu. Afadhali.

Jumamosi, 27 Julai
Skolastika, mdogo wake Imelda, kaolewa leo. Liuli.
Alfajiri Mzee aliniita nizibe mdomo wa mzinga kabla nyuki hawajaanza kutoka. Anasema mkono wangu hautetemeki. Nimeziba kwa majani makavu. Njia nzima nimekaa nyuma ya pikapu nikiushikilia usigonge. Tulivyoteremka joto lilipanda, nao wakazidi kuvuma.
Baada ya misa nimeutundika mwenyewe nyuma ya nyumba ya mumewe. Nikatoa majani. Katoka mmoja, mweusi, akazunguka kidogo, akarudi mlangoni. Skolastika alikuwa amesimama mbali, ameshika gauni lisiguse vumbi. Akaniuliza kama watazoea huku.
Nimemwambia watazoea. Sina ushahidi wowote.