Mti Aliouzika Bertrand

Nyuma ya saluni ya Murielle,
Yeoville, Johannesburg.
3 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Jeannine,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Théodore na za binti yetu Chloé. Hujambo? Elisée mumeo hajambo, mgongo wake umetulia? Na Mama, amekubali kula? Hilo la Mama ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililonifanya niache cherehani niandike. Barua hii ataileta Juvénal, anarudi Uvira kwa basi. Msomee Mama yote, polepole, maana amesema simu ndiyo iliyomletea habari mbaya na hataki tena kuisikia.

Sisi ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni ya kutania watu: asubuhi unavaa koti, mchana unalibeba mkononi. Lakini shemeji yako Bertrand, uliyenitumia mwezi wa tano kama zawadi, anavaa kofia mbili na anakaa juani akitoa hukumu. Nisamehe, najua ni ndugu wa mumeo. Ndiyo maana nampikia.

Bertrand anajua kila kitu. Aliijua Johannesburg kabla hajaweka begi chini. Alimfundisha Murielle kusuka nywele. Alimfundisha Théodore kuvuka barabara kwenye robot, zile taa za barabarani, Bertrand huyo huyo ambaye jana yake aliganda katikati ya magari mpaka mama muuza mahindi akamvuta kwa mkono. Na alipouona mpichi wetu uani umebaki matawi matupu, aliuzunguka mara moja, akaupiga teke, akasema, "Shemeji, hii muti ilishakufa. Mimi ni mutoto wa shamba. Tuikate, tupate kuni."

Nilimweleza kwamba hapa miti mingine huvua majani baridi ikija, ikalala, ikaamka yenyewe. Alicheka. Kwao Luvungi mti usio na majani ni maiti. Kutojua si kitu, mgeni yeyote wa kwetu angedhani hivyo. Ila mgeni mwingine angenyamaza.

Yeye alimpigia Mama. Bila kuniuliza, alimwambia kwamba mti tuliozika chini yake kitovu cha Chloé umekauka. Unamjua Mama na mambo ya kitovu: mti ukikauka, mtoto naye yuko njiani kufa. Ndiyo sababu hali chakula, anafunga na kulia, anataka Chloé aache shule arudi Uvira aombewe. Na Chloé yuko kwenye matriki, Jeannine! Mtihani wake wa mwisho unakuja. Akiondoka sasa mwaka umepotea, na sijui kama mpaka utamruhusu kurudi. Haya yote kwa sababu mwanamume mzima hajui kukwaruza gome la mti kwa ukucha.

Mimi nilikwaruza. Chini ya gome kuna ubichi, kijani kabisa, wenye unyevu. Nikaanza kutazama uani kwangu kama mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza. Mboga za lenga-lenga zimeota kando ya ukuta, pale ninapomwaga maji ya moto ya kufulia. Mnanaa umetoa vichwa. Na kwenye vijiti vya mpichi kulikuwa na vifundo vyenye manyoya, vimeanza kuvimba. Nilimwita Bertrand aje aone. Alisema ni ugonjwa.

Siku niliyopeleka nguo za harusi Mayfair, aliazima shoka. Niliporudi, tawi kubwa lilikuwa chini, naye anatokwa jasho na kujisifu. Nilimtukana kwa Kifuliiru, kwa Kiswahili, na kwa Kizulu kidogo nilichonacho. Théodore alimnyang'anya shoka. Mimi nilikusanya vijiti, nikavitia kwenye ndoo ya maji, nikaiweka chumbani kwake kando ya hita anayoiwasha kutwa kwa umeme wetu. Nikamwambia, "Maiti yako hii. Lala nayo."

Juzi asubuhi alitoka chumbani bila kofia hata moja. Vijiti vimechanua! Maua ya waridi, ndoo nzima, kabla hata ya mti wenyewe kule uani. Tawi lililokatwa, Jeannine. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, maana hofu ya Mama ilikuwa imeniingia na mimi, na sikumwambia mtu.

Unafikiri Bertrand aliomba radhi? Sasa anawaambia wateja wa Murielle kwamba alikuwa anaupogoa, eti kwao ndivyo wanavyoamsha maua. Kumpigia Mama amekataa, anasema hana muda. Kazi hana, muda pia hana.

Chloé, ambaye Kiswahili chake unakijua, aliingia akachuma ua moja, akaniambia, "Ambia Koko muti iko sharp. Na mimi niko sharp." Yaani bibi yake asihofu, mti ni mzima na yeye ni mzima. Ua hilo ndilo lililo ndani ya bahasha. Litafika limenyauka, najua, safari ya basi ni ndefu. Mpe Mama mkononi, asihangaishe macho yake, alinuse tu. Mwambie mjukuu wake anabaki shuleni. Mwambie mti haukufa. Ulikuwa umelala, kama Bertrand anavyolala kila siku mpaka jua liko utosini, na yeye hakuna aliyetaka kumkata awe kuni.

Nisalimie Elisée, na dada yetu Arlène na watoto wake wote. Mungu awafunike, amrudishie Mama hamu ya kula, na amfungulie Bertrand mlango wa kazi, mbali na uani kwangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata baada ya zawadi uliyonitumia,

Marcelline