Radhi ya Salumu

Pangani, Kibaha. Jumanne, Mei 1977.

Mvua tangu alfajiri. Imekatika sasa hivi, saa nane, lakini mbingu upande wa Mzenga bado nyeusi. Sina raha.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele. Bakari, jirani yangu anayeendesha landrova ya mradi, amekwenda kutafuta petroli. Akirudi tu tunaondoka kwenda Mzenga, nilikotoka asubuhi hii hii.

Ngoja nieleze taratibu, maana kichwa kimevurugika.

Mwaka wa pili sasa chuo kimenipa kazi ya kuuliza jambo ambalo hakuna anayependa kuulizwa: kwa nini watu wengine vijijini wanajiua, na nini kingeweza kuwazuia. Nazunguka Mzenga na Maneromango na karatasi zangu za maswali, nakaa na waliofiwa. Neno lenyewe hawalitaji. Wanasema "siku ile", basi. Nami siwalazimishi.

Mwenyeji wangu Mzenga ni kaka Salumu, mkulima, miaka arobaini na kitu, mtu wa maskhara. Watu wakiniona mimi peke yangu wanaingia ndani. Wakimwona yeye wanatandika mkeka. Anapiga hodi, ananitambulisha, kisha anakaa barazani mpaka nimalize. Walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa aliiacha mikorosho yake huko nyuma, mwendo wa nusu siku. Masika ya mwaka jana akamzika mkewe. Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado nikawa namtania kwamba atafute mke mwingine. Mjinga mimi.

Leo asubuhi nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji nikisubiri lori la Mlandizi. Akaja na mwamvuli wangu, ule niliomwachia tangu mvua za kwanza. Kaufuta, kaukunja vizuri. Akanipa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kama nimekukosea kwa lolote, nisamehe."

Nikamjibu kama tunavyojibiana wote, bila kufikiri: "Nimekusamehe duniani na akhera, nawe unisamehe." Nikamwuliza kwa utani, anakwenda Maka nini? Akacheka. Akasema ana safari kidogo.

Sikuuliza safari ya wapi. Lori lilishapiga honi, na mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu na lile tope. Nikapanda. Yeye akarudi kwake kwenye mvua, kichwa wazi, mwamvuli ninao mimi.

Na nilifurahi! Hilo ndilo linaloniuma. Njia nzima najisemea, huyu ndugu ana adabu, siku hizi nani anarudisha mwamvuli.

Nimefika nyumbani nikaanika karatasi mezani, maana zilikuwa zimelowa pembeni. Nikawa nazitenganisha moja moja zisigandane, huku nazisoma. Swali la tisa: siku zake za mwisho alifanya nini? Mama mmoja wa Maneromango, kuhusu mwanawe: "Alikuja kuniomba radhi, nikasema mwanangu amekua." Karatasi nyingine, jirani: alinirudishia jembe langu, akaniomba radhi. Nyingine, shemeji: alipita nyumba hadi nyumba akiomba radhi, tukadhani anajiandaa na mfungo.

Na chini ya kila moja, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeandika: Hakuonyesha dalili yoyote.

Lahaula! Mimi mtoto wa Mlandizi, nimekua nikiona watu wakiombana radhi kabla ya safari, kabla ya Ramadhani, mgonjwa akizidiwa. Kwangu ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Mgeni asiyejua mila zetu angeuliza kwa nini. Mimi nilijua mno, nikapita.

Sasa tuko mwezi wa Mfungo Nane. Ramadhani iko miezi mitatu mbele. Salumu hana ndugu wa kumtembelea nje ya Mzenga, na mpunga wake uko shambani haujavunwa. Safari gani hiyo?

Kuna jambo jingine, na siwezi kulikwepa. Siku zote zile alikuwa barazani. Swali la tisa amelisikia yeye kuliko mtu yeyote, na majibu yake kayasikia. Pengine hakuja kuniaga tu. Pengine alikuja kwangu kwa sababu mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyepaswa kuelewa.

Nami nikaangalia viatu.

Naogopa kuchelewa. Naogopa vilevile kufika na kukosa la kusema. Wenzangu chuoni wanabishana: ukimwuliza mtu waziwazi, si utampa wazo? Yule mama wa Maneromango hana ubishi. Alinishika mkono akaniambia, hakuna aliyemwuliza mwanangu, hata mimi. Basi mimi nitauliza. Salumu, unafikiria kujiua? Hivyo hivyo, kwa neno lenyewe. Akisema ndiyo, sitapiga yowe wala sitamhubiria dhambi. Nitakaa. Dada yake yuko nyumba ya tatu, tutamwita. Hatutamwacha peke yake, na kukicha tutampeleka kwa daktari, Bakari apende asipende.

Mwamvuli narudi nao. Masika hayajaisha.

Na radhi niliyompa asubuhi naichukua tena. Nimewaza tangu nilipozisoma karatasi, nini kitamshika mtu kama yule, hata kwa saa moja, mtu asiyeweza kuondoka akiacha kinyongo cha mwenzake nyuma. Nitamwambia hivi: kaka Salumu, asubuhi nilikujibu haraka. Sijakusamehe. Kaa tuzungumze.

Kama nitamkuta.

Landrova inakohoa nje. Ee Mola, tufike kabla ya magharibi.

*

Ukurasa huu nimeunakili leo kutoka daftari la zamani, sikubadili kitu ila jina. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, na hilo la Salumu kalichagua yeye. Tulimkuta kakaa barazani kwake, nguo zile zile za asubuhi zimemkaukia mwilini. Alipoona mwamvuli akaanza kulia.

Sasa ni mzee wa watu, mbishi, hasikii vizuri. Kila akija kunitembelea, wakati wa kuondoka anasimama mlangoni na kuniuliza kama nimeshamsamehe.

Namwambia bado.