Uji wa Mashine

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza kabla ya neno lolote, maana maneno yakishaanza huenda nikazisahau. Hujambo? Wifi hajambo? Kifua cha mtoto kimepoa, au bado mnapokezana kumbeba? Huku tupo. Shangazi magoti yanamsumbua, ila mdomo haujapata ugonjwa, unamjua mwenyewe. Kantini inaendelea. Habari za Baba ndizo zilizonikalisha kitako niandike, kwa hiyo nitazifikia polepole.

Najua utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Simu yenyewe ni ya Shangazi, na yeye hawezi kuongea na simu mpaka aifungulie sauti nyumba nzima isikie, na Baba yuko chumba cha pili. Halafu yako mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia katikati, nawe utaniambia kama kawaida yako, “Basi, Bi Hesabu, yameisha hayo,” kumbe hata hayajaanza.

Nianze na ule mfuko wako wa oti za uji. Ulituandikia kwamba daktari wa kiwandani kwenu amesema ni chakula kizuri kwa mtu aliyepata kiharusi, na kwamba zimekatwa na mashine unayoisimamia wewe mwenyewe. Zinapikwaje, hukuandika. Shangazi alikuwa amezoea zile oti bapa, nyepesi kama maganda, ambazo ukizimwagia maji ya moto na kugeuka kutafuta kijiko zimeshaiva. Hizi zako ni punje nzima iliyokatwa kwa chuma vipande viwili au vitatu, ngumu, ukizitikisa kwenye kikombe zinalia. Akazichemsha zile dakika zake mbili, akampelekea mgonjwa. Baba akatafuna mara moja, akatoa meno yake ya bandia, akayageuzageuza kuangalia kama yamepata ufa, kisha akauliza, kwa ule ulimi wake mzito, kama hapa analishwa mgonjwa au inamwagwa zege. Shangazi anasema alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwepo, na unajua kwa nini sikuwepo.

Au pengine hujui vizuri, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Unakumbuka mikono ya Baba, yale makovu ya mvuke na mafuta aliyoyapata kwenye jiko la bweni, akipikia wanafunzi kwa sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Siku nilipoacha chuo cha uuguzi nikafungua kibanda cha chakula mbele ya geti la kiwanda cha sabuni, alikuja akasimama upande wa pili wa barabara, akaniangalia na aproni yangu. Hakugomba. Alivuka, akaniambia kwamba yeye aliungua ili sisi tusiungue, na kwamba nikipikacho mimi hakitapita kooni mwake. Nikadhani ni hasira, zitalala na jua. Kibanda kikawa chumba, chumba kikawa kantini ya meza kumi na mbili na wasichana wanne wanaonitegemea mimi, bila mtu kunishika mkono. Baba hajawahi kuonja hata chai yangu. Kwenye msiba wa Mama nilipikia umati mzima. Yeye alitoka kimya kimya akanunua ndizi dukani, akala akiwa amegeukia ukuta. Wewe ulikula sahani mbili, ukasema pilipili imezidi.

Sasa, baada ya kiharusi Baba akagoma kula. Chakula cha Shangazi tangu utotoni mwao anasema ni adhabu, na safari hii hakuwa anatania. Akawa anaisha, mashavu yameingia ndani, saa imelegea mkononi inateleza mpaka kwenye kiwiko. Daktari akasema wazi kwamba ugonjwa huu hautamuua, njaa ndiyo itakayomuua. Ndipo Shangazi alipokuja kantini na mfuko wako kwapani, akauweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta kesi. Akasema yeye ameshindwa, na kwamba kama kweli mimi ni mpishi, basi nipike.

Nilikaa na oti zako kama mtu anayekaa na hesabu iliyokataa. Sufuria ya kwanza ikawa gundi, ya pili ikashika chini. Ya tatu nikaipata, na nakuandikia ili nawe uwapikie wa kwako: kikombe kimoja cha punje kwa vinne vya maji. Zikaange kwanza zikiwa kavu, kwa moto mdogo, mpaka jiko linukie karanga. Mwagia maji yanayochemka, tia chumvi ya ncha za vidole, punguza moto mpaka sufuria iwe inatoa povu moja moja kama mtu anayesinzia, uiache nusu saa. Usikoroge sana, ukikorogakoroga unatengeneza gundi. Mwishoni maziwa, ndizi mbivu iliyopondwa, na mdalasini kidogo. Ukifanya hivyo uji unakuwa laini, lakini kila punje bado ina neno la kukuambia kwenye jino. Nilikula bakuli zima nimesimama, kabla wateja hawajaingia. Sikumbuki mara ya mwisho kula asubuhi kitu ambacho sikuwa nakipimia mtu mwingine. Kikaniridhisha mpaka nikaona aibu.

Kupika kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumfikishia, na hiyo ameifanya Shangazi. Alimwambia Baba kwamba ile siku ya kwanza yeye ndiye aliyekosea. Kwamba uji huu unatoka kwako ukiwa umeshapikwa na mashine, umefungwa ndani ya kopo, na kazi yetu huku ni kupasha moto tu. Kaka, yule ni mtu aliyepika maisha yake yote! Angeweza kuuliza maswali mia. Hakuuliza hata moja, kwa sababu jina lako lilikuwa limetajwa. Lingetajwa langu, angetaka kuonyeshwa sufuria.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu ya alfajiri. Napika kwenye jiko la nyuma kabla wasichana hawajafika, natia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, naingia nyumbani kwa mlango wa uani, namkabidhi Shangazi, kisha nasimama kando ya friji na kusikiliza. Kati yangu na Baba ni pazia tu. Mara ya kwanza alikula robo ya bakuli. Wiki haijaisha akafika nusu. Halafu asubuhi moja nikasikia kijiko kikikwangua chini, ile sauti ambayo mpishi yeyote anaijua, nikalishika friji kwa mikono miwili.

Alianza kunenepa na kuongea. Na alipoanza kuongea, akaanza kuisifia mashine yako. Alimwambia Shangazi kwamba mashine hii ina mkono. Alisema aliyeipanga anajua kukaanga punje kabla ya maji, jambo ambalo yeye alijaribu kuwafundisha wasaidizi wote wa bweni na hakuna aliyelishika. Kaka, alinifundisha mimi! Nilikuwa nimesimama juu ya kreti tupu ili nione ndani ya sufuria, naye amenishika kiuno nisianguke. Nilijiuma ngumi pale jikoni ili nisicheke. Shangazi akirudi na bakuli tupu ananikonyeza, ananiuliza kwa sauti ya chini kama mashine imeshakula mafuta yake ya asubuhi. Tulikuwa na furaha, sitakuficha. Mfuko wako uliisha zamani. Oti nazinunua mwenyewe sasa. Nilijiambia kwamba sifa hazina uzito, zenye uzito ni kilo Baba anazoongeza.

Kumbe sifa zina uzito. Jumapili ile ulipopiga simu, Baba alikushukuru sana. Alisema umemrudisha mezani. Nawe ukacheka, ukamwambia, “Usijali, Baba, kazi ndogo hiyo.” Hukuuliza anakushukuru kwa lipi. Nilikuwa pale nyuma ya pazia na bakuli lake mkononi, nalisugua. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa jinsi ulivyozoea kushukuriwa, hata huoni haja ya kuuliza.

Kesho yake sikumkabidhi Shangazi chupa. Alinishika mkono mlangoni, akanisihi, akasema nisiwe mjinga, mgonjwa hapewi mitihani. Nikautoa mkono wake, nikaingia na bakuli mwenyewe. Baba alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitambaa shingoni. Akanitazama, hakukasirika. Nikamlisha kijiko kimoja, akameza, akafumba macho kidogo kama afanyavyo. Kisha akauliza mbona nimeuleta mimi. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba uji huu ni wangu, ndio anaokula siku zote, hakuna kopo wala mashine, na kwamba ile punje iliyokaangwa nimeijua kwake.

Nilikuwa nimelipanga jibu lake kichwani usiku kucha, majibu mengi, hata ya matusi. Hakusema chochote katika hayo. Alinishika mkono akaugeuza, akaona lile kovu jipya la mvuke hapa kwenye kifundo, akaligusa kwa kidole gumba. Akasema, “Bado unaungua.” Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Akauachia mkono wangu, akafunga mdomo.

Hakula siku ile. Hakula siku ya pili. Shangazi alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Siku ya tatu saa ilikuwa imeshaanza kuteleza tena mkononi, na alipojaribu kuomba maji, neno halikutoka.

Hapo ndipo nilipofanya lile ninalotaka ulijue wewe peke yako. Niliingia tena chumbani, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia kwamba nilimdanganya. Nikasema sikupika mimi. Nikasema uji ni ule ule wa mwanawe, wa kopo, umefika mpya. Kwamba niliona wivu anavyosifiwa kaka nikataka sifa nisizostahili. Nikamwomba msamaha kwa uongo huo. Akatikisa kichwa, akamwambia Shangazi, pole pole, neno moja moja, kwamba mtoto huyu tangu zamani anapenda kuvaa nguo za wenzake. Kisha akafungua mdomo. Shangazi akamlisha huku analia, akala nusu bakuli. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.

Sijui kama aliniamini au alichoka kuwa na njaa. Nimelipigia hesabu kila upande na halitoki. Ninachojua ni kwamba mwili wake hauna siku nyingine tatu kama zile.

Kwa hiyo sikuombi uje, najua kazi haikuruhusu. Wala usije ukaingiwa na huruma ukanitetea kwake. Utakuwa umenitetea mpaka kaburini kwake. Jumapili ukipiga, atakushukuru tena, na safari hii utajua anamshukuru nani. Pokea. Usijikaushe, usicheke haraka haraka. Mwache amalize, umwambie ale mpaka chini ya bakuli. Mimi nitakuwa jikoni, nitasikia.

Nisalimie wifi, umwambie nimemkumbuka, na umbusu mtoto kwenye hicho kifua chake kikorofi. Shangazi anawasalimu wote, anasema mtume kitambaa cha magoti. Na Baba anakusalimu sana. Amenituma niandike kwamba uji wa leo ulikuwa mzuri kuliko wa jana, uwaambie wenzako kiwandani.

Ni mimi, mdogo wako,
Bi Hesabu